Kuhamisha simu, imeili na mitambo ya IT ya ofisi kutoka vya zamani kwenda vya kisasa bila biashara kusimama

Watu wengi wakisikia kuboresha mifumo wanawaza kununua tu. Bosi kaona tangazo, kesho yake kaja na simu mpya kumi kwenye maboksi na rauta ina antena kama miguu ya kaa, anamwambia fundi funga. Wiki mbili mbele simu zinakatakata, printa haionekani, kompyuta ya mhasibu inasema haiioni seva, na lawama zote kwa fundi. Mi hii kazi ya kuhamisha ofisi nimeifanya miaka kadhaa sasa na nikwambie tu, vifaa ndo sehemu rahisi. Kinachoangusha watu ni kutojua nini kimeshikilia nini, na funguo za biashara kuwa mfukoni mwa mtu mmoja ambaye siku akiondoka anaondoka nazo. Kwahiyo mwongozo huu unaanza mbali kidogo na dukani, vumilia.

Hatua ya 1: Zunguka na daftari kabla hujagusa kitu

Chukua daftari, kalamu, stika za kubandika na simu ya kupigia picha. Ingia kila chumba, inama chini ya kila meza. Kila kitu chenye waya wa umeme au wa mtandao kiandike: ni nini, kiko wapi, nani anakitumia, na kikizimwa nani atapiga kelele. Hilo swali la mwisho ndo lenye faida kuliko yote.

Ofisi moja nilikuta kompyuta ya zamani chini ya meza ya mapokezi, vumbi limeganda juu, haina skrini wala kibodi, inanguruma tu yenyewe. Nikauliza ya nani, dada wa mapokezi akasema aliikuta pale siku anaanza kazi. Mhasibu haijui. Bosi akasema izimwe tuone nani atalalamika. Nikagoma, nikaifungia skrini kwanza, kumbe ndo ilikuwa imebeba ankara zote za kampuni, na hadidiski yake tayari ilikuwa inatoa ile sauti ya kugonga tik tik tik, yaani ungeizima siku ile huenda isingewaka tena. Tulinakili mafaili yote usiku ule ule kabla ya kuongea kitu kingine chochote.

Sasa ukishamaliza vinavyoonekana, andika visivyoonekana. Domeini ya kampuni (lile jina la tovuti na linalokaa mwisho wa imeili zenu) imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini? Namba za simu ziko kwa jina la kampuni au la mfanyakazi? Leseni za programu ziko wapi? Nani ana paswedi ya rauta, na ya akaunti kuu ya imeili? Na akisahau, ujumbe wa kurejesha akaunti unaenda kwenye namba ya nani? Hapa ndo utakuta vituko. Domeini ilisajiliwa na kijana aliyetengeneza tovuti miaka sita iliyopita, kwa imeili yake binafsi, kijana kashahama na hapokei simu. Siku ikiisha muda hamna tovuti, hamna imeili, na ujumbe wa kukukumbusha kulipia unaenda kwake yeye.

Hamishia vyote hivyo kwenye akaunti ya kampuni. Na kitu kimoja wengi wanakosea: imeili ya kurejesha akaunti ya domeini isiwe kwenye domeini hiyo hiyo. Domeini ikifa na imeili inakufa nayo, alafu unaanza kutafuta ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Tumia anwani nyingine ya nje, wawe na uwezo wa kuifungua watu wawili, siyo mmoja.

Hatua ya 2: Bekapu, alafu ijaribu kuirudisha

Kabla ya kuhamisha hata printa, hakikisha data ipo sehemu nyingine. Kanuni ya watu wa kazi hii ni 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, na 1 iwe nje ya jengo. Watu wanaona kama ni maneno ya vitabuni. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, jengo moja likateketea lote, na kuna wateja waliopoteza data moja kwa moja kwa sababu bekapu zao zilikuwa pale pale kwenye eneo lililoungua. Kwahiyo hata ukiambiwa iko klaudi, uliza iko jengo gani na nakala iko wapi.

Kosa lingine ni kudhani RAID, ile ya diski kadhaa kufanya kazi pamoja kama moja, ni bekapu. RAID inakusaidia diski moja ikifa kazi iendelee, basi. Ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kwenye diski zote kwa wakati mmoja, na virusi vya kuteka mafaili vinayafunga kote vile vile. Na hadidiski ya nje inayokaa imechomekwa saa 24 nayo itafungwa pamoja na zingine, ndo maana nakala moja lazima iwe imechomolewa au iko mahali ambapo kompyuta za ofisi haziwezi kuifuta.

Kuna kisa mi hukisimulia kila ofisi. Juni 2017 virusi vya NotPetya viliilaza Maersk, ile kampuni kubwa ya meli za makontena. Seva zinazobeba orodha ya watumiaji na paswedi zao zilikuwa nyingi duniani na zinanakiliana zenyewe, kila mtu akaamini hiyo inatosha kuwa bekapu, sasa virusi vikazipitia zote. Iliyopona ni moja tu, ilikuwa ofisi ya Ghana, na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ikawa nje ya mtandao wakati wenzake wanakufa. Mwenyekiti wao alikuja kusema ilibidi wafunge upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Kampuni ile kubwa ikaokolewa na kukatika umeme. We usitegemee hivyo.

Ukimaliza kuweka bekapu, chagua faili tatu, moja ya wiki hii, moja ya mwaka jana, na database nzima ya uhasibu, zirudishe kwenye kompyuta nyingine na uzifungue. Usiangalie tu kialama cha kijani kinachosema imefanikiwa. Nimeona bekapu ya miezi minane ya kijani kila siku, kufungua ndani ni folda tupu, kisa mtu alibadilisha jina la folda ya asili.

Hatua ya 3: Umeme na waya

Hii fupi lakini usiiruke. Simu za zamani za waya wa shaba zilikuwa zinapata umeme wake kutoka kwa kampuni ya simu, kama volti 48, ndo maana umeme wa jengo ukikatika simu bado inalia. Simu za intaneti hazina hiyo. Umeme ukienda, rauta imezima, swichi ya mtandao (kile kiboksi kinachogawa waya za mtandao) imezima, simu imezima. Kwahiyo kabla ya kununua simu hizo weka UPS (kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika) kwenye vitu vitatu kwanza: kile kifaa cha mtoa huduma, rauta na swichi. Kompyuta za mezani baadaye. Ukichukua swichi ya PoE inayopeleka umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, simu zote zinapona kwa UPS moja. Ukinunua UPS soma wati, siyo VA zilizoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, wati huwa ni chache zaidi na ndo za kweli. Na betri yake haiishi milele, miaka mitatu mpaka mitano hivi kisha badilisha hata kama inaonekana nzima.

Waya za mtandao, daraja la Cat6 linatosha ofisi nyingi. Urefu wa mwisho ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, ukizidisha utapata matatizo ya ajabu ajabu ambayo leo yapo kesho hayapo. Andika lebo pande zote mbili za kila waya. Pande ZOTE mbili. Mwenzako atakayekuja kufungua kabati lile usiku wa manane atakuombea dua.

Hatua ya 4: Pima intaneti jinsi inavyotumika, siyo ilivyoandikwa kwenye mkataba

Watu wakitaka simu za intaneti wanauliza megabiti ngapi. Swali siyo baya ila siyo lenyewe. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ile yenye ubora wa simu ya kawaida, inabeba kilobiti 64 za sauti kwa sekunde, ukijumlisha mzigo wa paketi inafika kama 87 kila upande. Simu 10 kwa wakati mmoja hazifiki hata megabiti moja. Sasa mbona ofisi ina megabiti 50 na simu zinasikika kama mtu anaongea ndani ya ndoo? Jibu ni ucheleweshaji.

Fanya hivi. Fungua lile dirisha jeusi la amri kwenye Windows, andika ping 8.8.8.8 -t kisha bonyeza enta (Mac na Linux hiyo -t usiiweke, inaendelea yenyewe). Mistari itaanza kushuka na kila mmoja una muda wake. Ofisi ikiwa imetulia labda utaona milisekunde 20 au 30. Sasa mwambie mtu wa meza ya pili apandishe video kubwa klaudi, wewe kaa macho kwenye namba. Kama zinaruka 300, 500, na mistari mingine inasema muda umeisha hamna jibu, umeshaupata ugonjwa. Rauta imepanga foleni moja ndefu, sauti ya mteja imekwama nyuma ya video. Kwa mazungumzo ya kawaida ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, zaidi ya hapo watu wanaanza kuongea kwa kugongana, wote mnanyamaza, wote mnaanza tena.

Dawa mara nyingi siyo kununua kasi zaidi. Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya QoS, zingine wanaita SQM, yaani ya kupanga nini kipite kwanza, punguza kasi ya kupandisha iwe kidogo chini ya ile halisi uliyopima, kama asilimia 85 au 90 hivi, alafu ipe sauti kipaumbele. Rudia ile ping na ile video. Ukiona namba zimebaki chini ya 60 au 70 huku video inapanda, hapo ndo uagize simu. Rauta ikiwa haina hiyo sehemu, ndo kifaa cha kwanza kununua.

Na weka njia ya pili ya intaneti. Faiba ikiwa ya kwanza basi ya pili iwe ya mtandao wa simu, 4G au 5G, manake faiba mbili za kampuni mbili tofauti zinaweza kuwa zimepita kwenye mtaro mmoja na kijiko kimoja cha kuchimba kinazikata zote. Chomoa ile ya kwanza siku ya kazi, mchana kweupe, uone kama ya pili inashika yenyewe.

Hatua ya 5: Mtandao wa ndani

Ofisi nyingi zina mtandao mmoja ambao kila kitu kimo: kompyuta ya mhasibu, kamera, simu ya mgeni aliyekuja kusubiri, na ile runinga ya ukutani. Gawanya. Swichi yenye VLAN (uwezo wa kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa) inaweza kukupa mitandao minne ndani ya waya ule ule: wafanyakazi, simu, kamera, wageni. Kamera za bei nafuu ndo mlango wa wezi kuliko watu wanavyodhani, zifungie chumba chao zisiongee na kompyuta ya hela.

Wi-Fi tumia WPA2 au WPA3, jina la wageni liwe tofauti na paswedi yake tofauti. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani, ila kama vifaa vinaweza 5 GHz vipeleke huko. Na badilisha paswedi ya rauta jamani, admin na admin bado naikuta mwaka huu.

Hatua ya 6: Imeili

Hapa mi msimamo wangu mkali: seva ya imeili usiendeshe mwenyewe ofisini, labda kama hiyo ndo biashara yako. Peleka kwa mtoa huduma mkubwa, lipa kwa mwezi, lala usingizi. Ila kuhama ndo kuna mitego.

Kwanza angalia kompyuta za watu zimefungwaje. Kama zinatumia POP3, mara nyingi barua zinashushwa kwenye kompyuta ile kisha zinafutwa kwenye seva. Yaani barua za miaka kumi za meneja wa mauzo ziko kwenye laptopu yake tu na si kwingine. Ukihamisha seva kwa kunakili sanduku la seva utahamisha barua za wiki iliyopita, alafu wiki ya pili anakuja anauliza mikataba yake iko wapi. Kwa hao inabidi kutoa barua kwenye laptopu yenyewe na kuzipandisha.

Pili, siku mbili kabla ya kuhama ingia kwenye DNS ya domeini (daftari la anwani zake), tafuta rekodi ya MX inayosema barua ziende seva gani, na ile TTL yake, yaani muda ambao seva nyingine zinakumbuka jibu la zamani, ishushe iwe 300, yaani sekunde 300, dakika 5. Mara nyingi utaikuta 3600 au 86400, hiyo ya pili ni siku nzima, maana yake ukibadilisha MX leo kuna seva duniani zitaendelea kupeleka barua kule kwa zamani mpaka kesho. Ukishashusha na muda wa zamani ukapita, kubadilisha kunachukua dakika tu, na ukikosea kurudi nyuma nako ni dakika. Sanduku la zamani usilifunge, liache wazi wiki mbili na ulichungulie kila siku.

Tatu, SPF, DKIM na DMARC. Hizi ni rekodi za DNS zinazowaambia wapokeaji kwamba barua hii kweli imetoka kwetu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanazidai, na kwa wanaotuma nyingi, Gmail wanahesabu kuanzia 5,000 kwa siku, lazima zote tatu. Anza na SPF, ile orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, iwe rekodi moja tu, ukiweka mbili inahesabika kosa, na isihitaji DNS kutafuta zaidi ya mara 10. Orodhesha kila kinachotuma kwa jina lenu: imeili yenyewe, programu ya ankara, tovuti, ile huduma ya kutuma matangazo. Washa DKIM, ile sahihi ya kidijitali kwenye kila barua. DMARC, inayosema barua isiyopita ifanyweje, weka kwanza p=none, inakuletea ripoti bila kuzuia kitu, soma mwezi mmoja, ndipo upande quarantine (ziende spam) kisha reject (zikataliwe). Wanaoanza na reject siku ya kwanza wanagundua ankara za mwezi mzima hazikuwafikia wateja.

Na mkiwa hapo hapo kwenye imeili, wekeni sheria moja ya malipo: barua yoyote inayosema akaunti ya benki imebadilika, mtu anapiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, siyo namba iliyo kwenye hiyo barua. Hata kama barua ina jina la bosi. Hasa kama ina jina la bosi.

Hatua ya 7: Simu

Chukua karatasi, chora mteja anapiga namba kuu, nini kinatokea? Inalia kwa nani, sekunde ngapi, asipopokea inaenda wapi, saa ya chakula je, usiku je, sikukuu je. Ukishindwa kuichora kwenye karatasi hutaweza kuiweka kwenye mfumo, na mwenye mfumo atakuwekea anavyotaka yeye. Ile menyu ya bonyeza moja bonyeza mbili isizidi chaguo nne, na mojawapo iwe ya kuongea na binadamu.

Namba za zamani: unaweza kuzihamisha kwenda kwa mtoa huduma mpya pale ambapo sheria na kampuni zinaruhusu, lakini USIKATE laini ya zamani kabla uhamisho haujakamilika. Narudia kwa sababu kuna ofisi niliitwa baada ya mtu kukata mkataba Ijumaa ili kuokoa hela ya mwezi mmoja, namba iliyokuwa kwenye mabango na vitabu vya risiti kwa miaka ikapotea, na hamna aliyeweza kuirudisha. Kwanza inahama, unaipigia kutoka nje inalia kwenye simu mpya, ndipo unaandika barua ya kukata.

Angalia pia nini kingine kimening'inia kwenye laini ya zamani. King'ora, faksi, mashine ya kadi, simu ya dharura ya ndani ya lifti. Hizo hazihami zenyewe. Na muda haupo sana, Uingereza kwa mfano wamepanga kuzima mtandao wa zamani wa simu za waya ifikapo Januari 2027, na nchi nyingine ziko njia hiyo hiyo. Tena simu za intaneti hazijui zenyewe ziko jengo gani, kwahiyo anwani ya dharura ijaze kwenye mfumo na uibadilishe mkihama.

Mambo mawili ya ufundi yatakayokuokolea siku nzima. Kwenye rauta zima kitu kinaitwa SIP ALG, kilitengenezwa kusaidia simu za intaneti ila mara nyingi ndo kinaharibu. Dalili zake: unamsikia mteja yeye hakusikii, au simu inakatika kila mara baada ya sekunde 30 hivi. La pili, paswedi za simu za ndani. Namba ya ndani 101 paswedi 101, kuna programu duniani zinajaribu hizo usiku kucha, na wakiingia wanapiga namba za nje ya nchi zenye gharama kubwa wikiendi nzima mkiwa mmelala. Funga simu za kimataifa kwa wote, fungulia wanaohitaji tu, weka kikomo cha matumizi kwa siku.

WhatsApp je? Tumieni, wateja wapo huko, kuwakatalia ni kujidanganya. Ila iwe kwenye namba ya kampuni na akaunti ya biashara, siyo kwenye simu binafsi ya muuzaji ambaye akihama anahama na wateja wote na mazungumzo yote. Na msiweke biashara nzima juu ya programu moja, Skype ilianza 2003, kuna ofisi zilikuwa haziwezi kupumua bila hiyo, Microsoft wakaifunga Mei 2025.

Hatua ya 8: Kompyuta na seva

Rudi kwenye daftari, angalia kila kompyuta ina mfumo gani. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, biashara zinaweza kulipia masahihisho ya usalama kwa muda zaidi ila huko ni kununua muda tu. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiwe ya zamani sana, kwahiyo mashine nyingine hazitakubali. Ambazo haziendi, kama kazi yake ni brauza tu, weka Linux na ziendelee kula maisha. Ambazo zinakubali ila ni nzito, mara nyingi kubadilisha hadidiski kuweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) kunafanya mtu adhani umempa mashine mpya.

Apdeti ziwekwe zijiwashe zenyewe. Virusi vya kuteka mafaili vya WannaCry, Mei 2017, vilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka Machi ya mwaka ule ule, miezi miwili kabla. Wengi walioathirika ni ambao hawakuweka.

Seva ya ndani ibaki au iende klaudi? Mi naangalia vitu viwili: mafaili ni makubwa kiasi gani, na watu wako wapi. Wanaohariri video au michoro mikubwa siku nzima waachie hifadhi ya ndani yenye bekapu ya klaudi, wataumia ukiwahamisha. Nyaraka za kawaida na uhasibu peleka klaudi. Na kama kuna mtu anaingia kwenye seva kutokea nyumbani kwa kufungua lango 3389, lile la kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali, moja kwa moja kwenye intaneti, lifunge leo, siyo wiki ijayo, alafu muwekee VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi akiwa nje).

Kila akaunti weka uthibitisho wa hatua mbili, ikiwezekana kwa programu ya namba au ufunguo wa kuchomeka, maana ujumbe wa SMS mtu akihamisha laini yako kwa ujanja anaupata yeye. Paswedi za kampuni kaa nazo kwenye programu ya kutunza paswedi, siyo kwenye faili la Excel liitwalo paswedi. Nimelikuta hilo faili zaidi ya mara moja.

Hatua ya 9: Kuhama kwenyewe

Kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha imeili, rauta na simu siku moja, kikiharibika kimoja hujui kipi kimekiharibu. Chagua Jumanne au Jumatano, mkwepe mwisho wa mwezi na siku za mishahara, na Ijumaa jioni usiguse kitu hata ukishawishiwa. Anza na watu wawili watatu, achana na wale wapenda teknolojia, chukua mmoja anayelalamika kila kitu, huyo atakuonyesha mashimo yote kwa siku mbili. Kabla ya kuanza andika kwenye karatasi unarudije nyuma na saa ngapi utaamua kurudi. Ukifika saa nane mchana simu hazijakaa sawa, rudi, ujaribu wiki ijayo, hamna aibu hapo.

Mafunzo ya ukumbini saa mbili na projekta, watu wanasinzia. Kaa mezani kwa kila mmoja dakika kumi, mpigie simu, mwambie aihamishe kwa mwenzake, aweke kwenye mangojeo, aijibu tena. Hizo tatu akizimudu kwa mkono wake amemaliza.

Hatua ya 10: Kuzima vya zamani

Ya zamani ukishaizima usiitupe wala usiiuze siku hiyo hiyo. Ichomoe waya, bandika stika yenye tarehe na jina lako, iache kwenye kabati siku 30 angalau, na kama ni ya uhasibu subiri mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe mara moja kwenye mfumo mpya. Ile kompyuta ya chini ya meza ya mapokezi ilikaa kabatini wiki tano, na wiki ya nne kweli mhasibu alikuja kuulizia fomu moja ya ankara ambayo hamna aliyekumbuka kuihamisha, na kwa sababu hadidiski ilikuwa imeshanakiliwa yote tukaikuta kwenye nakala. Baada ya hapo toa diski, zifute kwa programu ya kufuta kabisa au zitoboe kwa drili kama tayari zinagonga, andika kwenye daftari ni ipi imefutwa na lini, ndipo boksi liondoke.